Mali bila daftari

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa ghala nililoanzia kazi ya ukarani hapa Dar es Salaam, kando ya iliyokuwa Barabara ya Pugu, mwaka 1984. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na kila asubuhi tulipita chini yake bila kuusoma, kama mtu anavyopita chini ya mwembe wa nyumbani kwao.

Mtunza ghala wetu alikuwa mzee mmoja ambaye leo sitamtaja jina. Sote tulimwita Mzee, ikatosha. Alikuwa na kichwa cha ajabu. Ukimwuliza saruji imebaki mifuko mingapi, mabati mangapi, misumari ya inchi nne katoni ngapi, alikujibu kabla hujamaliza kuuliza, na ukienda kuhesabu ulikuta ndivyo hivyo. Madereva walimpenda kwa sababu kwake hapakuwa na foleni. Leja yetu ilikuwa pana kama mlango wa kabati. Kutafuta ukurasa wa bidhaa, kuandika kilichotoka, kupiga salio na kutia sahihi, kulichukua dakika tano kwa kila mzigo. Malori kumi yakiwa nje yananguruma, dakika tano ni nyingi. Basi Mzee alitoa mali kwa kichwa mchana kutwa, na jioni nilikaa naye mezani, yeye akisema, mimi nikiandika. Kazi yangu hasa ilikuwa hiyo: kuyatoa ya kichwani mwa Mzee na kuyatia katika leja kabla hatujafunga mlango.

Jumamosi moja kulikuwa na mpira Uwanja wa Taifa, huu ambao siku hizi unaitwa Uwanja wa Uhuru. Nikamwomba Mzee ruhusa, akacheka, akasema, "Nenda mwanangu, tutaandika Jumatatu." Nikaenda. Usiku wa Jumapili Mzee alishikwa na malaria kali, akalazwa, na kwa siku kadhaa hakumtambua hata mkewe. Jumatatu hiyo hiyo wakaja wakaguzi. Wakahesabu saruji, wakakuta mifuko 60 imepungua katika leja isiyojua habari zake.

Yaliyofuata nitayasema mwishoni. Kwanza nataka tutazame pamoja jinsi ulimwengu mzima ulivyohangaika na jambo lile lile lililotupata sisi: jinsi ya kubadili orodha upesi, na jinsi ya kuhakikisha kwamba kilichobadilishwa hakipotei. Maana haya mawili, ndugu zangu, ni kama ndugu wawili wasiopatana. Ukimkaribisha mmoja nyumbani, mwingine anaanza kufunga mizigo.

Tuanzie Marekani mwaka 1880. Serikali ya huko ilihesabu watu wake, kisha makarani wakakaa kuyajumlisha makaratasi kwa mkono. Kazi hiyo iliwachukua zaidi ya miaka saba. Ilikaribia wakati wa sensa nyingine, na ile ya kwanza haijakwisha vizuri. Ndipo mhandisi mmoja aliyeitwa Herman Hollerith, aliyezaliwa Buffalo mwaka 1860, alipobuni mashine ya kusoma kadi zilizotobolewa. Kila mtu alikuwa na kadi yake, na kila tundu lilikuwa jibu: mwanamume au mwanamke, ameoa au hajaoa, amezaliwa wapi. Katika sensa ya mwaka 1890 mashine hizo zilitumika, na hesabu ya jumla, watu zaidi ya milioni 62, ilitangazwa mwaka ule ule. Kampuni ya Hollerith iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikapewa jina ambalo hata watoto wa shule wanalijua, yaani IBM.

Lakini kadi ile ilikuwa na dosari moja kubwa. Tundu likishatobolewa halizibiki. Kadi ilifaa kuhesabu mambo yaliyokwisha kutokea, kama sensa. Haikufaa kwa mambo yanayobadilika kila dakika, kama saruji ya Mzee, au kama viti vya ndege.

Na viti vya ndege ndivyo vilivyowatoa jasho watu wa miaka ya 1940 na 1950. Katika kampuni ya American Airlines, makarani wanane walikaa kulizunguka kabati la duara lenye kadi za safari zote. Simu ikilia, karani alilizungusha kabati, akatoa kadi ya safari inayotakiwa, akatia alama, akairudisha. Kumaliza kumwandikia abiria mmoja nafasi yake kulichukua kwa wastani kama saa moja na nusu. Na huwezi kuongeza makarani ovyo, maana wangapi watalizunguka kabati moja? Mwaka 1953 mkuu wa kampuni hiyo, C. R. Smith, alikutana ndani ya ndege na muuzaji wa IBM ambaye naye jina lake lilikuwa Smith. Katika mazungumzo yao ikazaliwa mbegu ya mtambo ulioitwa SABRE, uliokamilika mwaka 1964. Saa moja na nusu ikawa sekunde chache.

Mtambo kama huo uliwezekana kwa sababu mwaka 1956 IBM ilikuwa imetoa diski yake ya kwanza. Ilikuwa na sahani 50 zinazozunguka juu ya mhimili mmoja, ikapita tani moja kwa uzito, na iliweza kuhifadhi herufi milioni tano. Leo picha moja ya harusi iliyo ndani ya simu yako inaweza kujaza nafasi hiyo. Faida yake ni kwamba ungeweza kuufikia mstari wowote, ukaufuta, ukaandika mwingine. Daftari sasa lilikuwa na kifutio.

Hata hivyo diski ni kitu kinachozunguka, na kitu kinachozunguka lazima ukisubiri kikufikie. Ndani ya kompyuta kuna mahali pengine pa kuweka mambo, napo huitwa kumbukumbu. Humo hakuna kinachozunguka, na kila kitu hupatikana papo hapo. Katika miaka ya 1950 na 1960 kumbukumbu hiyo ilitengenezwa kwa vipete vidogo sana vya sumaku, vilivyotungwa katika nyaya kama shanga. Ilikuwa ghali, lakini ilikuwa na tabia moja njema: umeme ukikatika, vipete havikusahau.

Mwaka 1970 kampuni ya Intel ikaanza kuuza chipu iliyovishinda vipete vile kwa bei. Chipu hii huweka kila jambo kama tone la umeme ndani ya kindoo kinachovuja. Kompyuta lazima ipite ikivijaza vindoo hivyo tena na tena, mara nyingi kila sekunde, la sivyo vyote hukauka. Umeme ukikatika, kila kitu kimekwenda. Tulipata kumbukumbu ya bei nafuu, tukapokea pamoja nayo usahaulifu. Mpaka leo kompyuta na simu zetu karibu zote zinatumia kumbukumbu ya aina hiyo.

Mwaka ule ule wa 1970, Mwingereza mmoja aliyefanya kazi IBM huko California, Edgar Codd, alichapisha makala iliyobadili kazi ya kutunza habari. Kabla yake, aliyetaka jambo kutoka katika kompyuta ilimpasa ajue limewekwa wapi na litafikiwa kwa njia ipi, kama mgeni anayeelekezwa nyumba kwa vichochoro. Codd alisema, la, tuviweke vitu vyote katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na mtu aseme tu anataka nini. Njia ya kukifikia aitafute mashine. Wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatunga mwaka 1974 lugha ya kuyasemesha majedwali hayo, ambayo leo tunaijua kwa jina la SQL. Codd alipewa tuzo ya Turing mwaka 1981, na alifariki mwaka 2003.

Majedwali ya Codd yalienea duniani, lakini yalikuja na ubwana wake. Daftari la namna hiyo lilikaa katika kompyuta yake maalumu, likiwa na mtaalamu wake, na programu nyingine zote zilipiga hodi kuomba huduma. Bwana mkubwa akilala, wote mlangoni wanangoja.

Hapo ndipo anapoingia Mmarekani aitwaye Richard Hipp. Karibu na mwaka 2000 alikuwa akiandika programu kwa ajili ya manowari ya jeshi la Marekani iitwayo Oscar Austin. Programu hiyo iliwasaidia mabaharia wakati meli imepata madhara: mabomba yamepasuka, je, tufunge koki ipi na tufungue ipi? Habari za koki zilikaa katika daftari kubwa la kibwana la aina niliyoeleza. Mara kwa mara daftari hilo lilikuwa halipatikani, na aliyelaumiwa ni Hipp, kwa kuwa ujumbe wa hitilafu ulitokea katika dirisha la programu yake. Fikirini, meli inaingia maji, baharia anauliza koki, na mashine inamjibu kwamba mwenye daftari hayupo.

Hipp akajiuliza kwa nini programu isibebe daftari lake yenyewe, mfukoni, bila kupiga hodi kwa mtu. Mwezi Agosti mwaka 2000 akatoa SQLite. Ni dogo, halifiki hata megabaiti moja. Hakulidai haki yoyote ya umiliki, ila mwanzoni mwa maandishi yake, mahali ambapo wengine huweka vitisho vya sheria, yeye aliweka dua ya kumtakia msomaji heri. Leo daftari hilo limo katika simu za Android na za iPhone, na katika programu za kutembelea intaneti. Ndugu msikilizaji uliye Temeke, Kisumu au Bujumbura, ikiwa una simu ya kisasa mfukoni, basi una SQLite mfukoni, pengine madaftari mengi ya aina hiyo kwa wakati mmoja.

Na daftari hili lina hila moja ninayotaka kuieleza. Kwa kawaida huandika katika diski. Lakini ukilifungua kwa jina maalumu lenye neno la Kiingereza la kumbukumbu, halishiki diski kabisa. Jedwali zima hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta, kama saruji ilivyokaa kichwani mwa Mzee, nalo hubadilika kwa kasi ile ile ya Mzee. Ukilifunga, linatoweka lote.

Nililiona kwa macho yangu kwa mpwa wangu, anayesimamia duka la vipuri vya magari Kariakoo. Duka lina orodha ya bei yenye mistari 18,000. Dola ikipanda, mwenye kuwauzia anawaletea orodha mpya ndani ya flashi, na bei zote lazima zibadilishwe kabla ya mteja wa kwanza. Programu yao ya zamani ilichukua bei moja, ikaitafuta kuanzia mstari wa kwanza mpaka ikaikuta, ikabadili, ikaandika katika diski, kisha ikarudi kuchukua ya pili. Kompyuta yao ni ya zamani, diski yake huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Ili kuandika badiliko moja kwa uhakika, daftari husubiri kama mizunguko miwili. Kwa hiyo mabadiliko 60 kwa sekunde ndio mwisho wake. Mistari 18,000 ni dakika tano za kusubiri diski peke yake, bado hujahesabu kutafuta. Nilipoisikia hesabu hiyo nilicheka peke yangu, maana dakika tano ndizo zilizotushinda na leja yetu.

Mpwa wangu alifanya hivi. Aliinakili orodha yote kutoka diski hadi katika daftari la kumbukumbu. Akalitengenezea faharasa kwa namba za vipuri, kama faharasa ya mwisho wa kitabu, ili mstari upatikane bila kupekua kurasa zote. Akaiweka orodha mpya kando yake, akatoa amri moja: kila namba inayolingana, chukua bei mpya. Kisha akairudisha orodha nzima katika diski kwa muamala mmoja, badala ya miamala 18,000.

"Sekunde mbili, Mjomba," akaniambia, anatabasamu.

Mimi sikutabasamu. Nilimwuliza, "Na umeme ukikatika katika hizo sekunde mbili?" Maana nakumbuka mgawo wa umeme wa mwaka 2006, jinsi tulivyojifunza kwamba umeme hukatika wakati unapouhitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Akasema, "Mjomba, bei za zamani ziko kwenye diski, na bei mpya ziko kwenye flashi. Ukikatika, nitarudia. Nimepoteza sekunde mbili tu. Hata ukikatika wakati naandika kwenye diski, daftari hutunza kumbukumbu ya hali ya mwanzo mpaka muamala umekamilika. Ukirudi, ama nakuta bei zote mpya, ama zote za zamani. Sikuti nusu nusu."

"Na mauzo ya siku, nayo umeyaweka humo kwenye kumbukumbu?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mauzo sithubutu, Mjomba. Yale yanaandikwa kwenye diski pale pale, moja baada ya jingine, hata kama mteja atasubiri. Bei naweza kuzipata tena. Mauzo yakipotea, nitamwuliza nani?"

Ndugu wasikilizaji, kijana huyu amezaliwa miaka mingi baada ya siku ile ya mpira, na hakuna aliyemsimulia. Lakini katika maneno hayo machache alisema jambo ambalo mimi lilinichukua miezi minne ya fedheha kulijifunza. Si kila kitu kinastahili leja, wala si kila kitu kinastahili kichwa. Kile unachoweza kukipata tena kutoka mahali pengine, kiweke pa haraka, kibadili utakavyo, hata kikipotea hujapoteza kitu ila muda. Kile ambacho hakina nakala popote duniani, kama mauzo yaliyofanyika sasa hivi au mzigo uliotoka mlangoni sasa hivi, hicho kiandikwe kabla lori halijawasha moto.

Wakubwa wa kazi hii nao wamefika hapo hapo. Mwaka 2009 kijana wa Sicilia huko Italia, Salvatore Sanfilippo, alichoshwa na daftari la diski lililochelewa kuandika habari za wanaotembelea kurasa za intaneti, akatengeneza daftari lake la kumbukumbu aliloliita Redis. Lilipata umaarufu mkubwa kwa kasi yake. Lakini watumiaji wake hawakuachwa bila karani wa jioni. Daftari hilo linaweza kupiga picha ya kumbukumbu yote kila baada ya muda na kuiweka katika diski, au linaweza kuandika kila amri mwishoni mwa faili kadiri zinavyokuja. Mwenye mali anachagua mwenyewe yuko tayari kupoteza dakika ngapi. Swali hilo, ndugu mfanyabiashara, ndilo la kumwuliza kijana anayekuuzia programu ya duka. Usimwulize tu ina kasi gani. Mwulize, umeme ukikatika sasa hivi, nitakosa nini? Akianza kuzungukazunguka, shika mfuko wako.

Nirudi kwa Mzee. Mifuko ile 60 haikuibiwa. Ilitoka Jumamosi ile ile, baada ya mimi kwenda mpirani, kwa kimemo cha mkubwa wetu mwenyewe, ikapelekwa kwenye ujenzi mikoani. Mkubwa alikuwa safarini na hakukumbuka. Kimemo kilibaki mfukoni mwa shati la Mzee, na shati lilifuliwa wakati yeye amelazwa. Alipopata nafuu alieleza yote, tarehe, saa na namba ya lori, kwa kichwa kile kile ambacho zamani tulikiamini kuliko leja. Safari hii hakuna aliyemwamini. Akasimamishwa kazi kwa miezi minne kwa nusu mshahara, na mtaani watu wakaanza kuuliza ile nyumba yake aliijenga kwa saruji ya wapi.

Kilichomwokoa ni daftari. Mtunza stoo wa kule mikoani alikuwa ameiandika mifuko yote 60 siku aliyoipokea, kwa kalamu ya wino, na sahihi ya dereva chini yake. Daftari hilo lilipoletwa Dar es Salaam, kesi ikaisha siku moja. Mzee akarudishwa kazini. Lakini hakutoa tena mzigo hata mmoja kwa kichwa. Malori yalisubiri, madereva walitukana, naye aliandika mstari kwa mstari, mkono ukitetemeka, mpaka alipostaafu.

Nilikwenda kumwomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ulikwenda mpirani kwa ruhusa yangu. Kosa ni letu wawili." Aliyasema hayo kwa huruma, nami nilimshukuru. Lakini najua dakika ishirini za Jumamosi ile zingetosha kuandika mstari mmoja wa mifuko 60, na kipindi cha kwanza kisingekuwa hata kimekwisha.

Mzee alikwisha tangulia mbele ya haki. Kila ninapomwona mpwa wangu akibadili bei 18,000 kwa sekunde mbili, namkumbuka, na ninafurahi kwamba mauzo yake yanakwenda polepole.

Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema na madaftari yaliyojaa. Kwaherini.